Kipanya kikistaafu, kinageuka chumba

Usiku wa kuamkia mnada, Katesh huwa na wageni wengi kuliko vitanda. Wauza mitumba, majembe, mashuka na vyombo vya plastiki huingia jioni wakitokea Babati, Singida na Arusha, na asiyewahi chumba kwenye nyumba ya wageni hujikunja juu ya marobota ndani ya gari lake. Turubai linafungwa, vioo vinapandishwa, viatu vinasukumwa chini ya kiti cha dereva, na baridi ya Mlima Hanang inapenya kila palipo na ufa. Alfajiri mwenye gari anaamka shingo imekakamaa, anafungua mlango wa nyuma na kuanza kupanga bidhaa.

Kulala ndani ya gari, basi, si jambo geni katika nchi ya Mbulu na Hanang. Kilicho kigeni ni kulala vizuri. Simu zetu zimejaa picha za vijana wa Ulaya na Marekani waliogeuza mabasi madogo kuwa nyumba: kitanda chenye foronya nyeupe, kabati la mbao, taa za urembo, mlango wa nyuma umefunguliwa unatazama bahari. Anayezitazama akiwa Gehandu anajua kwamba foronya ile haifiki Dongobesh ikiwa bado nyeupe.

Hata hivyo, wazo lenyewe linatufaa. Nyuma ya gereji nyingi kati ya Babati, Katesh na Mbulu mjini zimelala Hiace zilizomaliza kazi ya abiria. Viti vimechanika, kapeti limeoza, dari limening'inia, lakini injini bado inawaka. Mfanyabiashara wa minada, bwana shamba anayezunguka vijijini, mpiga picha za harusi, familia inayokwenda kwa bibi na kukuta nyumba imejaa, kijana anayewapeleka wageni kupanda Hanang: kila mmoja wao angeweza kupata chumba chenye magurudumu kwa kazi ya mikono yake na msaada wa mafundi wawili watatu wa mtaani.

Tofauti ya kazi inayodumu na ile ya kupigia picha iko kwenye kanuni moja. Gari kuukuu litaharibika tena. Kwa hiyo usifunge ndani yake kitu ambacho fundi wa kijijini hatakifungua kwa spana na bisibisi.

Samani zilizokuwa zinatoka

Kanuni hiyo ina umri sawa na magari yenyewe. Aprili 1947 mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alichora kwenye daftari lake gari lenye umbo la sanduku, injini ikiwa nyuma. Machi 1950 kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg, Ujerumani, kikaanza kulitengeneza kwa wingi. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikatoa samani za kambi za kupachika ndani ya gari hilo. Ubora wa samani zile ulikuwa kwamba zilitoka. Siku za kazi fundi au muuza duka alibebea mizigo yake. Mwisho wa wiki alirudisha samani na kuwapakia watoto. Gari hilohilo ndilo lililokuja kwetu kwa jina la Kombi, likapelekwa mbugani paa likiwa limekatwa ili mtalii asimame na kuchungulia simba.

Toyota ilitoa Hiace ya kwanza mwaka 1967. Kizazi kilichoanza 1989, ambacho mafundi wetu wanakitambua kwa injini za dizeli za 2L, 3L na 5L, pamoja na kile kilichofuata mwaka 2004, ndivyo vilivyotuletea vipanya vya mijini na vya mashambani. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuigusa, unainua kiti. Waliolibuni gari walilijua hilo tangu mwanzo: starehe ya abiria imewekwa juu ya kitu kitakachohitaji kutengenezwa, na starehe hiyo inapisha.

Asiyeipa nafasi kanuni hii hukutana nayo njiani. Mwaka 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akielekea Swakopmund, katika Namibia ya leo. Alifika mwaka 1909. Sehemu kubwa ya muda huo hakuwa akiendesha. Alikuwa akitengeneza gari au akisubiri vipuri. Leo spea ya Hiace inapatikana Babati, lakini ukikwama jioni kati ya Haydom na Basotu bado utaitegemea akili ya Graetz: kufungua, kutazama, kufunga tena.

Bomoa kwanza

Kazi inaanza kwa kung'oa. Viti, kapeti, mbao za kuta, dari, vyote vitoke. Kwa Toyota, spana za namba 10, 12 na 14 zitamaliza sehemu kubwa ya kazi. Kila kundi la bolti liingie kwenye mfuko wake wenye maandishi, na kila waya upigwe picha kabla ya kuchomolewa. Mbao za kuta zilizotoka nzima zitunzwe, kwa sababu ni kiolezo cha kukatia mpya.

Kapeti likitoka, gari linasema ukweli. Kwa miaka mingi konda amemwaga maji sakafuni kila jioni ili kuondoa tope, na maji yakabaki chini ya kapeti yakila bati polepole. Kama gari lilitumika huko Japani katika maeneo ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, lilifika bandarini likiwa tayari na kutu chini. Lililobeba samaki lina chumvi pia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wauza magari wengi huyaficha maradhi haya kwa kapeti jipya.

Chukua bisibisi na tochi. Gonga matao ya magurudumu, kingo za sakafu, matundu ya bolti za viti, mifereji ya paa, chini ya kioo cha mbele na reli ya mlango wa kuburuta. Bati zima hutoa mlio mkali. Lililooza hutoa mlio mzito na bisibisi huzama. Kutu ya juujuu inaondoka kwa brashi ya waya na msasa, kisha redi oksaidi, kisha rangi. Palipotoboka pakatwe hadi kwenye chuma kizima na kuchomelewa kipande kipya. Kuziba tundu la sakafu kwa bodifila ni kujidanganya, kwani bodifila haibebi uzito wa mtu. Na kama chesisi yenyewe imeliwa, usiendelee. Hakuna kitanda kizuri kiasi cha kumfaa mtu aliyelala juu ya chesisi iliyooza.

Kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea, toa terminali za betri, ondoa sponji na kapeti zote, jua tenki na mabomba ya mafuta yanapita wapi, na weka kizima moto karibu. Chini ya milango kuna vitobo vidogo vya kutolea maji. Watu huviziba wakidhani wanazuia vumbi, na baada ya masika mawili mlango umeoza kutokea ndani.

Harufu nayo ina historia yake. Kipanya kilichobeba kitunguu saumu cha Mbulu kwa misimu kadhaa hakihitaji kuulizwa kilikuwa kikifanya kazi gani. Marashi hayasaidii. Osha bati tupu kwa maji ya moto na sabuni, acha milango wazi juani kutwa, rudia. Kilichobaki kimo kwenye sponji za viti, na hizo ni za kutupa.

Baridi, bati na somo la tembe

Sehemu kubwa ya nyanda za juu za Mbulu iko kati ya mita 1,700 na zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake hauna mzaha. Wairaqw wa zamani walilijua hilo. Huko Kainam walijenga matembe yaliyochimbiwa kwenye mteremko, upande wa nyuma ukiingia ardhini na paa likifunikwa kwa udongo. Yaliwaficha wakati wa uvamizi, na yalitunza joto pia, kwa sababu udongo mnene hupokea joto la mchana na kulitoa taratibu usiku.

Bati la gari hufanya kinyume chake. Mchana linaunguza, na saa mbili za usiku limekwisha poa. Hatuwezi kuweka udongo juu ya Hiace, lakini tunaweza kuweka kizuizi. Kinachofaa ni povu gumu lisilonyonya maji, au karatasi zenye foili ambazo mafundi wa nyumba huweka chini ya bati la paa. Vipande vya godoro, ambavyo wengi hukimbilia kwa sababu ni rahisi, vina ubaya wa aina mbili: hunyonya maji na kuyashikilia kwenye bati, na hushika moto upesi kwa moshi wenye sumu.

Maji yenyewe hayatoki mvuani tu. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi karibu robo lita ya mvuke kwa usiku mmoja, pengine zaidi. Watu wawili, vioo vimefungwa, bati la baridi: alfajiri dari linatona. Dawa yake ni hewa. Acha upenyo mdogo juu ya vioo viwili vya pande tofauti, weka wavu wa chandarua, na uweke vizuia mvua vya plastiki juu ya vioo ili upenyo huo ubaki wazi hata mvua ikinyesha.

Kwa ukuta, plaiwudi nyembamba inatosha. Ifungwe kwa skrubu zinazoonekana, kwenye matundu yaleyale ya mbao za zamani. Nyuma yake zinapita nyaya za taa za nyuma, na kama gari lina kiyoyozi cha nyuma, mabomba yake pia. Ukigandisha ukuta kwa gundi, siku taa ya breki itakapokataa utauvunja ukuta wako kwa nyundo.

Sakafu iende hivyohivyo. Plaiwudi ya milimita 12 ikatwe vipande vitatu, juu yake mkeka wa plastiki unaouzwa kwa mita, na vipande hivyo vifungwe kwa bolti kwenye matundu ya viti vilivyotolewa. Matundu hayo yana faida kubwa: chuma chake kimeimarishwa kiwandani, na hulazimiki kutoboa bati bila kujua chini yake kuna bomba la breki au tenki.

Kitanda kinapimwa kwa futi

Hiace ya kawaida, ile yenye bodi nyembamba, ina upana wa milimita 1,695 kwa nje. Ndani, nyuma ya viti vya mbele, unabaki na urefu wa karibu mita tatu na upana wa kama mita moja na nusu. Mtu mzima hawezi kulala kwa upana bila kukunja magoti. Kitanda kiende kwa urefu.

Sasa angalia magodoro yanavyouzwa. Futi 4 kwa 6 ni takriban sentimita 122 kwa 183. Linaingia, na linaacha njia ya sentimita 30 hivi pembeni. Futi 5 kwa 6 linajaza ukuta kwa ukuta na kubanwa na matao ya magurudumu, utalikata. Kwa anayelala peke yake akiwa na bidhaa, futi 3 na nusu kwa 6 ndilo jibu, na upande wa pili unabaki kwa marobota. Chagua inchi nne au tano za sponji nzito kuliko nane za sponji laini, maana kila inchi ya godoro inaondolewa kwenye nafasi ya kichwa chako unapoketi.

Fremu ya skwea paipu ya inchi moja ni nyepesi na fundi yeyote wa mageti ataichomelea. Usiichomelee kwenye gari. Ifungwe kwa bolti, na juu yake mbao ziwe vipande vinavyoinuka, ili chini pawe stoo. Ukifika nyumbani bolti sita zinafunguliwa, kitanda kinatoka, na gari linabeba magunia ya mbaazi. Hayo ndiyo maisha halisi ya gari huku kwetu. Gari la kulala pekee ni anasa ambayo wachache wanaimudu.

Uzito nao una hesabu yake. Dumu la lita 20 la maji lina kilo 20. Ubao mmoja wa plaiwudi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, unapita kilo 30. Wanaojenga makabati mazito ya mbao ngumu hadi darini huhisi matokeo yake wanaposhuka Magara au mlima wa Dareda, kwenye kona za ukuta wa Bonde la Ufa, breki zikinuka. Vitu vizito viwe chini na karibu na katikati ya gari, vyepesi juu, na kila kitu kifungwe kwa mkanda. Dumu lisilofungwa humfuata dereva mgongoni siku gari litakaposimama ghafla kwa sababu ya ng'ombe.

Umeme wa kutosha, si wa kujionyesha

Betri ya kuwashia gari iachwe kwa kazi yake. Weka ya pili kwa ajili ya chumba, ili asubuhi usihitaji watu wa kusukuma. Hesabu yake si ngumu. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 inabeba kama wati-saa 1,200, lakini ile ya maji na risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo umebaki na 600. Taa tatu za LED za wati 5 kwa saa nne zinakula 60. Simu mbili, 30. Feni ndogo ya wati 20 kwa saa sita, 120. Kompyuta ya mapajani ya wati 50 kwa saa tatu, 150. Jumla 360, na bado una akiba. Paneli ya sola ya wati 150 juu ya paa, siku yenye jua la kawaida, inaweza kurudisha kiasi hicho. Pasi na birika la umeme visahau.

Hatari iko kwenye waya. Kwenye volti 12, kifaa cha wati 60 kinavuta ampea 5. Kifaa cha wati hizohizo nyumbani kwenye volti 230 kinavuta kama robo ya ampea. Waya mwembamba uliozoea taa za nyumbani utachemka ndani ya ukuta wa plaiwudi. Tumia waya mnene, weka fyuzi karibu kabisa na betri, na maungio yabanwe kwa vichwa vya waya badala ya kusokotwa na kuzungushiwa selotepu. Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki lenye mfuniko unaofunguka, na andika kwenye kila waya unakokwenda. Fundi umeme wa Haydom hajui ulichokuwa ukiwaza wakati unajenga.

Jiko linaloua

Hapa pasiwe na mzaha wala mjadala. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likionekana limekwisha kuwa jivu. Mkaa unaofifia hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kujitetea. Baridi ya Mbulu ndiyo inayowashawishi watu kuingiza jiko na kufunga vioo. Blanketi la pili ni salama zaidi. Vilevile injini isiachwe ikinguruma ili kupasha joto. Kwenye gari kuukuu lenye matundu ya sakafu, moshi wa ekzosi unaingia ndani.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha kwa siku nyingi, lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama sakafuni, mahali ulipolaza godoro. Mtungi ukae kwenye kisanduku chake karibu na mlango wa nyuma, kikiwa na tundu chini linalotokea nje, na jiko litumike mlango ukiwa wazi, au nje kabisa. Kibao kinachokunjuka kwenye mlango wa nyuma kinakupa meza ya kupikia na kivuli juu yake.

Tena, maharage yapikwe nyumbani. Kwenye mita 2,000 maji huchemka karibu nyuzi 93, na chakula kigumu huiva polepole kuliko Dar es Salaam. Safari ni ya chai, mayai, ugali wa haraka na kiporo kilichoandaliwa.

Vumbi, mbung'o na mahali pa kulala

Gari lenye umbo la sanduku likikimbia, hewa nyuma yake inapungua mgandamizo na kuvuta vumbi kuelekea mlango wa nyuma. Mpira wa mlango ukiwa mkavu, vumbi la barabara ya Dongobesh linaingia ndani na kutulia kwenye mashuka. Usiku, mtu mmoja aingie na tochi kali, mwingine azunguke nje: mwanga unapotokea, vumbi linaingilia hapohapo. Badilisha mpira, paka grisi ya silikoni, ziba matundu ya nyaya. Ukiwa njiani, washa feni ya mbele ikivuta hewa ya nje ili ndani pawe na msukumo wa kutoka, mradi usiwe nyuma ya lori.

Mtikisiko ndio mtihani wa pili. Msumari hutoka wenyewe baada ya kilomita chache za rasta. Tumia bolti zenye nati za nailoni zinazojifunga, na wosha za springi. Milango ya kabati iwe na komeo halisi, kwani sumaku za kabati za nyumbani hazijui barabara ya Yaeda Chini.

Kwa mapazia, epuka bluu na nyeusi kama unashuka Yaeda au upande wa Tarangire. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, na ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Kitambaa cha kahawia au kaki kinaficha vumbi pia.

Kuhusu pa kuegesha, Hanang imetufundisha kwa machozi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani na kuingia Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Msimu wa mvua usilale kwenye korongo, kando ya mkondo mkavu wala chini ya mteremko mkali, hata kama mbingu iko safi juu yako; mvua inaweza kuwa imenyesha kileleni. Na popote utakapolala, anzia ofisi ya kijiji au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni heshima, ni usalama, na mara nyingi utaonyeshwa mahali bora kuliko ulipopachagua.

Kadi ya gari nayo ikarabatiwe

Kipanya cha abiria kina namba nyeupe na leseni ya LATRA, na kadi yake inataja idadi ya viti na matumizi. Ukishatoa viti na kuweka kitanda, hilo si gari lililoandikwa kwenye kadi. Nenda TRA ubadilishe taarifa na matumizi, uhamie namba za njano za gari binafsi, kisha uwaarifu watu wa bima. Kampuni ya bima ikikuta baada ya ajali kwamba gari lililokatiwa bima si hili, umejipa kesi. Askari wa usalama barabarani naye ataangalia kizima moto, pembetatu, matairi na taa kabla ya kusifia mapazia yako. Abiria wakae kwenye viti vyenye mikanda. Gari likiwa linatembea, kitanda hakina abiria.

Kwa anayefikiria kuagiza gari lililozeeka kutoka Japani badala ya kufufua la hapa, akumbuke kwamba magari madogo ya kutembelea yenye umri wa miaka minane na zaidi hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na yakipita kumi unapanda zaidi. Apige hesabu ya kodi kulingana na aina ya gari kabla hajalipenda. Kipanya kilicholala nyuma ya gereji ya jirani kimekwisha lipiwa.

Fedha ianzie chini

Mpangilio wa matumizi ni rahisi kuusema na mgumu kuutii. Kwanza breki, matairi, usukani na kutu. Pili umeme na hewa. Tatu kitanda. Mapambo yatumie kitakachobaki, na mara nyingi hakibaki kitu. Wapo wanaogeuza mpangilio huu kwa sababu dari la mbao linaonekana na bushi mpya hazionekani, na hao ndio unaowakuta wameegesha pembeni ya lami kati ya Dareda na Endasak, ndani pamependeza, gurudumu la mbele limelala.

Humu kuna ajira pia. Arusha imejenga jina kwa karakana zinazokata Land Cruiser, kuzirefusha na kuziwekea paa la kuinuka kwa ajili ya watalii. Hakuna kati ya kazi hizo inayohitaji elimu ambayo mafundi wa Babati na Katesh hawana: kuchomelea, kushona viti, useremala, umeme wa gari. Wanachokosa ni mteja wa kwanza na gari la mfano. Fundi seremala, fundi viti na fundi umeme wakikaa pamoja kwenye uwanja mmoja, wakajenga seti ya kitanda, kabati na betri inayoingia kwenye Hiace yoyote kwa bolti na kutoka kwa bolti, watauza kwa wafanyabiashara wa minada kabla hawajamwona mtalii hata mmoja.

Safari ya kwanza iwe fupi. Lala kwanza uani kwako, ujue palipo na baridi na panapovuja. Kisha zunguka: panda Dareda, pita Dongobesh, fika Haydom, rudi kwa Basotu na Katesh. Njia hiyo ina lami, changarawe, mlima na udongo mweusi wa mbuga, na itakuonyesha kila nati uliyoikaza nusunusu. Ukirudi, kaza upya, andika kilicholegea na kwa nini.

Halafu weka tarehe kwenye kalenda. Kila mwaka masika yakiisha, toa godoro, fungua fremu, inua vipande vitatu vya sakafu na utazame bati. Ikiwa kazi hiyo inakuchukua asubuhi moja, ulijenga vizuri. Ikiwa huwezi kuifanya bila kuvunja kitu, anza kujenga upya kabla kutu haijaanza.